Waya Uliopita Chini ya Pazia

Watu wote wa wilaya ya Kisarawe, wa Kibaha, na wa huko ng'ambo ambako sijafika, mnatangaziwa kwamba mimi, Mwanne binti Kibwana, mwanafunzi wa shule ya bweni aliyekuwa likizoni, mwenye umri wa miaka kumi na sita, nilishiriki katika utafiti wa pamoja wa vyuo vikuu viwili, kimoja cha Uingereza na kingine cha Uganda, uliohusu mitambo mipya na elimu ya watoto. Mchango wangu ulikuwa kufukuza kuku.

"Mwanne, huyo jogoo."

"Nimemwona, Bwana Hartley."

"Umemwona, lakini bado anawika."

Nilimrushia jogoo kiatu, akaondoka kwa matusi. Bwana Hartley akarudisha vikombe vya kusikilizia masikioni, akainama juu ya sanduku lake barazani kwetu. Sanduku lile lilinasa sauti ya mtu kwenye utepe mwembamba uliozunguka kutoka gurudumu moja kwenda jingine, na lilikula umeme wa betri ya gari.

"Tayari," akasema.

Ndani ya chumba, nyuma ya pazia, dada yangu Siwema akaanza kusoma somo la afya.

"Mwanangu, utakunywa maji ya dimbwi?"

Kisha kwa sauti ya mtoto:

"Sitaki. Yana wadudu."

"Vizuri sana," akasema Bwana Hartley. "Sasa tena, pole pole."

Maneno hayo aliyasema kila baada ya somo, na sanduku lilimnasa na yeye pia, mpaka watu wakamwita Bwana Vizurisana. Yeye na wenzake wa Uganda walitaka kujua kama watoto watajifunza kwa sauti ya sanduku kama wanavyojifunza kwa mwalimu. Masomo yaliyosomwa kwetu yalipelekwa Kurui, Marui na shule moja karibu na Mlandizi. Kule Marui watoto walisimama wote wakaliamkia sanduku shikamoo. Lilipoendelea na habari za dimbwi bila kuitikia marahaba, mmoja akanyoosha mkono na kuuliza kama limekasirika.

"Hiyo ndiyo shida yetu," alisema Mfaume, msaidizi wa Bwana Hartley. "Linasema, lakini halijibu."

Mfaume alikuwa kijana wa Vihingo aliyekuwa akisoma chuo kile cha Uganda. Alikuwa mrefu, msafi, na kila dada yangu aliposoma yeye aliangusha kitu. Mara penseli, mara bisibisi. Siku moja aliangusha kikombe cha chai ya baba.

Sasa nieleze kwa nini dada alisomea nyuma ya pazia. Baba alikuwa amepokea posa ya Mwinyimadi, mfanyabiashara wa Mlandizi, na dada alikuwa amewekwa ndani kama mwali, haonekani na mwanamume, akisubiri ndoa siku ya Ijumaa. Bwana Hartley alipoambiwa kwamba sauti aliyoichagua imefungiwa, nusura alie. Akaenda kumbembeleza baba.

"Mzee Kibwana, sitamwona. Waya utapita chini ya pazia. Maikrofoni itakaa kitandani kwake."

"Na yeye atakaa ndani?"

"Atakaa ndani."

Baba alifikiri sana, kisha akatoa hukumu.

"Sauti itoke. Mwenyewe asitoke."

Hakuna aliyefikiri kwamba njia ya sauti ni njia pia. Saa ya chai Bwana Hartley alikwenda kukaa na baba uani, na Mfaume akabaki barazani peke yake na vikombe masikioni, eti anakagua mtambo. Dada alichukua maikrofoni akanong'ona. Mfaume hakuweza kujibu kwa mdomo, nyumba nzima ingesikia. Basi alivuta waya. Kuvuta mara moja kulimaanisha ndiyo, mara mbili hapana. Mimi nilikuwa chumbani na dada, nikijifanya ninasuka ukili.

"Umekula?" dada alinong'ona.

Waya ukavutwa mara moja.

"Kile kisamvu cha mama kilikuwa na chumvi nyingi?"

Mara moja.

"Ungependa nikupikie mimi?"

Waya ulivutwa mpaka maikrofoni ikaanguka kitandani.

Ilikuwa hivyo kwa siku kadhaa. Nilishuhudia mapenzi ya watu wawili yakiendeshwa kama kengele ya mlangoni, na nakiri yalinichosha. Halafu Jumatatu ya juma la ndoa, dada alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Hakuwa anacheka.

"Mfaume, Ijumaa ninaozwa. Baba hajui habari zako. Ukileta wazee wako kabla ya siku hiyo, nitapata nguvu ya kumwambia kwamba simtaki Mwinyimadi. Usipoleta, sitaweza peke yangu. Utaleta?"

Tukautazama waya. Haukusogea.

"Mfaume, unanisikia?"

Haukusogea.

Nilikuwepo. Zaidi ya hapo sikuulizwa.

Dada aliiweka maikrofoni chini, akajifunika kanga mpaka kichwani. Jioni alimwambia mama, ambaye jina lake ni Mwanamkuu, mwanamke asiyehitaji kuambiwa jambo mara mbili:

"Mama, Ijumaa iwe. Fanyeni mnavyotaka."

"Umelia?"

"Ni moshi."

"Moshi wa jiko gani, nami sijawasha?"

"Mama, nimesema iwe."

Jumatano Mfaume alifika na mjomba wake Mashaka, wamevaa kanzu. Niliwaona kutoka dirishani nikataka kupiga kelele, lakini nikainamia ukili wangu. Baba aliwakaribisha, akawasikiliza, kisha akawajibu kwa upole:

"Mngekuja mapema tungezungumza. Binti mwenyewe amesema iwe."

"Amesema mwenyewe?" akauliza Mfaume.

"Kwa mdomo wake. Muulize mama yake."

Mfaume aliaga kwa adabu. Alipofika njiani alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaendelea. Nilikwenda kumwambia dada kwamba Mfaume alikuja.

"Sitaki kusikia jina hilo."

"Lakini dada, alikuja na mjomba..."

"Mwanne. Nilimuuliza akanyamaza. Anakuja sasa kufanya nini, kuniaga? Toka."

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema, sentensi fupi. Ilinishinda. Nikaona ni rahisi zaidi kutumia mali ya vyuo vikuu viwili.

Ijumaa nyumba ilijaa. Bwana Hartley, kwa kuwa alikuwa mgeni wa heshima, alikaa mkekani barazani na kofia mapajani, na Mfaume akalazimika kukaa kando yake. Watoto walikuwa wakilishikashika sanduku, basi likaingizwa chumbani kwa dada, chini ya kitanda, pamoja na betri na nyaya zake zote. Mimi ndiye niliyetoa shauri hilo. Nilitoa shauri hilo mara kadhaa.

Chumbani alikuwemo dada, amefunikwa shela, na shangazi Biubwa, somo wake, aliyemfunda.

"Wewe unaingia wapi?" shangazi aliniuliza.

"Chini ya kitanda, shangazi. Wananitafuta nikaoshe masufuria."

"Mvivu wewe. Usichafue shela."

Kule chini nilizungusha utepe mpaka palipokwisha swali la dimbwi, kabla tu ya jibu. Nilikuwa nimemtazama Mfaume akifanya hivyo mara nyingi na naweza kusema, bila kujisifu sana, kwamba niliuweka sawasawa.

Mpango wangu ulitegemea jambo moja la kwetu. Anayeozesha huja mlangoni kwa mwali na mashahidi wawili, akamuuliza kama ameridhia. Mwali huona haya, hanyanyui sauti, na kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Dada alikuwa amekwisha kuamua kunyamaza. Nilichotaka ni kwamba kimya hicho kisipatikane.

Maalim Mwishehe alisimama nje ya pazia, akakohoa.

"Siwema binti Kibwana. Mwinyimadi bin Salehe wa Mlandizi anakuoa kwa mahari mliyokubaliana. Unanipa idhini nikuozeshe?"

Nikabonyeza.

"Sitaki," ikasema sauti ya dada yangu, nyembamba kama ya mtoto.

Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Kiligoma.

"Yana wadudu," sauti ikaendelea.

Nilikigonga kwa ngumi.

"Vizuri sana," ikasema sauti nene ya kiume chini ya kitanda cha mwali. "Sasa tena, pole pole."

Hapo ndipo sanduku lilipozimika.

"Kuna mwanamume chumbani kwa mwanangu," akasema baba. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mzee Kibwana," akaita Bwana Hartley kutoka barazani, "hiyo ni sauti yangu. Lakini mimi niko hapa."

"Toka, uliye chini," akaamuru Maalim.

Nilitoka na utando wa buibui kichwani, nikapita chini ya pazia, nikamwamkia. Hakuitikia.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni sanduku, Maalim."

"Likiulizwa, sanduku hujibu?"

"Hapana, Maalim. Hujisemea tu. Hata Marui halikujibu."

Maalim aliwatazama mashahidi wake, nao wakayatazama makubadhi yao.

"Basi sijajibiwa," akasema. "Lakini kimya pia sijakisikia, siwezi kwenda pale mbele nikasema nimekisikia. Siwema, leo itabidi uniambie mwenyewe, kwa maneno. Umeridhia?"

Tulisubiri. Nilisikia kitanda kikilia.

"Maalim, nikisema, baba ataniangaliaje?"

Baba alisogea karibu na pazia.

"Nitakuangalia kama jana. Sema."

"Sitaki, baba. Bwana Mwinyimadi hana ubaya wowote. Lakini nilimkubali kwa kumkasirikia mtu mwingine, naye hastahili mke aliyeolewa kwa hasira."

Watu wote wakamgeukia Mwinyimadi. Alikuwa mtu mnene, mpole, amevaa joho jipya. Alilitazama joho, akalivua taratibu, akalikunja.

"Afadhali nimeambiwa mlangoni," akasema, "kuliko kuambiwa jikoni baada ya mwaka. Ila hilo la wadudu naomba lifafanuliwe."

"Ni somo la maji, bwana," nikasema.

"Alhamdulillahi. Na ile pilau?"

"Ipo," akajibu mama kutoka uani.

"Basi nitakula. Nimetoka mbali."

Baba hakucheka. Bado alikuwa ameelekea kwenye pazia.

"Huyo mtu mwingine ni nani?"

Mfaume akasimama mkekani.

"Ni mimi, Mzee Kibwana. Jumatano nilikuja na mjomba kwa ajili hiyo."

"Nilikuuliza Jumatatu," sauti ya dada ikatoka ndani, kali. "Nilikuuliza kama utaleta wazee, ukanyamaza. Jumatano ulikuja kumfuata nani?"

"Nilinyamaza? Nilivuta, Siwema. Nilivuta mpaka kiganja kikachubuka. Kitazame."

"Siwezi kukitazama, niko ndani."

"Basi mimi nimekiona," akasema Maalim, ambaye alikuwa amekishika kiganja chenyewe. "Kimechubuka kweli. Alikuwa akivuta nini?"

"Waya," wakajibu wote wawili, mmoja huku na mmoja kule.

"Haukusogea," akasema dada.

"Ulikuwa mgumu kama umefungwa kwenye nguzo."

Ndani shangazi Biubwa aliguna. Nilijua anainama. Nilijua anafunua ile kanga niliyoitundika mguuni mwa kitanda tangu Jumatatu. Fundo lile nilijaribu kulifungua kwa kucha na kwa meno, lakini Mfaume alikuwa amelivuta kwa mapenzi yake yote, likawa jiwe.

"Umefungwa," akasema shangazi. "Kipande kimefungwa hapa mguuni mwa kitanda. Na hili si fundo la kufungia mbuzi. Sijapata kuliona."

"Lina macho mawili na linajikaza likivutwa?" akauliza Mfaume.

"Ndilo."

"Hilo hufundishwa skauti."

Baba akamwangalia mama, aliyekuwa amekuja mpaka mlangoni na mwiko mkononi.

"Katika nyumba hii nani ni skauti?"

"Mume wangu," akasema mama, "mwaka jana nilishona sare moja tu."

Nitangulie kusema, ili msiwe na wasiwasi, kwamba mjomba Mashaka alirudi na posa mara ya pili, na baada ya mavuno ya mpunga Maalim Mwishehe alisimama tena mbele ya pazia lile lile. Safari hiyo dada alijibu kabla hajamaliza kuulizwa, wazee wakasema mwali hana haya. Bwana Hartley aliandika katika taarifa yake kwamba sanduku lisitumike bila mtu mzima kuwa karibu.

Lakini siku ile bado nilikuwa nimesimama mlangoni na utando kichwani, baba upande huu, mama na mwiko upande ule, na pazia likafunuliwa kidogo upande mmoja. Jicho la dada lilionekana. Lilikuwa jekundu.

"Wazazi wangu wapendwa," nikaanza, "waheshimiwa mashahidi, na wawakilishi wa vyuo vikuu vyote viwili..."

"Mwanne," akasema dada.

"Ni mimi niliyefunga waya. Nilitaka kuona utasema nini asipojibu. Nilidhani utacheka. Halafu ukalia, nikaogopa kukuambia."

Jicho la dada lilinitazama muda mrefu.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa tena, pole pole."