Donge la Tatu la Lituma

Kwetu Mangobo, Jumamosi huanza kwa sauti ya mchi. Mama huponda ndizi zilizochemshwa, huzifinyanga kuwa lituma, tunakula, kisha yeye hubeba beseni lake la mchele kwenda sokoni. Mimi hubaki nyumbani kufagia na kumchunga mdogo wangu Yannick, mwenye miaka miwili na mikono isiyotulia.

Wakati ule panya walikuwa wametuzidi. Walitoboa magunia ya mchele nyuma ya kitanda, wakatafuna daftari langu la hesabu, na wiki ile mmoja alimng'ata Yannick kidole cha mguu akiwa amelala. Niliwaogopa panya, sioni haya kusema. Nilikuwa nikilala nimejifunika shuka hadi kichwani, jasho likinitoka.

Nilimwomba Mama anunue dawa ya panya. Alikataa katakata.

"Sumu haiingii nyumba yenye mtoto anayeokota kila kitu," alisema. "Papa yako akirudi kutoka Bafwasende ataziba matundu."

Lakini lori la Papa lilikuwa limekwama kwenye matope huko, na mimi nikajiona mjanja kuliko Mama. Jumamosi ile, alipoondoka tu, nilimwita mchuuzi wa dawa ya panya aliyekuwa akipita. Nilimpa vikombe viwili vya mchele, akanipa pakiti ya punje nyeusi isiyo na maandishi yoyote. Nilizichanganya na lituma iliyobaki, nikafanya madonge matatu madogo, nikayasukuma chini ya kitanda. Halafu nikamwacha Yannick akicheza mlangoni, nikaenda bombani kuchota maji.

Niliporudi, alikuwa ameketi sakafuni chumbani, kidevu kimejaa lituma. Nikainama kuchungulia chini ya kitanda. Madonge yalikuwa mawili.

Nilimfuta mdomo kwa kanga. Nikakumbuka watu husema mafuta ya mawese huua sumu, nikamnywesha kijiko kimoja. Alikohoa, akayatema, na mate yakaanza kumtoka mfululizo. Hapo nilipiga kelele kumwita tonton, yaani mjomba, Lukumani, jirani yetu anayeendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Hakuuliza mengi. Alitupakia nyuma, akakanyaga pedeli mpaka kituo cha afya.

Muuguzi, Mama Emérence, alimgusa Yannick kwenye paji la uso. Mtoto alikuwa amelowa jasho na anatetemeka.

"Alikula nini leo?"

"Lituma tu," nikajibu.

"Bon, sawa. Huenda ni malaria. Tumpime damu kwanza."

Pakiti ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimwogopa Mama, niliwaogopa polisi, niliogopa Mangobo nzima itasema mimi, Nicole, nimemuua ndugu yangu. Nilimtazama muuguzi akitafuta sindano ya kupimia malaria, nami nikijua kabisa kwamba anatafuta ugonjwa usiokuwepo.

"Yaya," Yannick akaniita, kama anavyoniita siku zote kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa. Alininyooshea mkono, lakini haukunifikia, ukaanguka.

Nikatoa pakiti. "Si malaria, Mama Emérence. Ni hii. Mimi ndiye niliyeitia ndani ya lituma, naye akala."

Hakunigombeza. Alizitazama zile punje, akaniuliza alikula kiasi gani, saa ngapi, na kama nilimpa kitu kingine. Nikamwambia na habari ya mafuta.

"Usirudie kamwe. Mafuta hayaui sumu, tena yangeweza kumwingia mapafuni."

Alimdunga sindano nyingine kabisa, ya kupambana na sumu, kisha akaketi karibu naye, vidole vyake kwenye mkono wa mtoto, akihesabu mapigo. Tonton Lukumani alikwenda sokoni kumleta Mama. Mama alipoingia, hakunitazama. Nilikaa kwenye pembe ya chumba nikilia kimyakimya, na kila Yannick alipovuta pumzi, mimi nilikuwa nasubiri pumzi inayofuata.

Saa tisa mchana alifumbua macho akaomba maji. Mama alijifunika uso kwa kitenge chake.

"Huyu binti angenyamaza, mpaka sasa ningekuwa natibu malaria," Mama Emérence alimwambia.

Kesho yake, tonton Lukumani alivaa glavu, akafukia madonge yaliyobaki mbali na bomba la maji. Tuliingiza mchele kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Tuliondoa lundo la maganda ya ndizi lililokuwa nyuma ya jiko, maana huko ndiko panya walikokuwa wakila na kuzaana. Tuliziba matundu kwa mawe na saruji, tukatega mitego ya waya. Baada ya wiki mbili nililala shuka ikiwa mabegani.

Mama hakunichapa. Alinipa kazi: kila Jumamosi, kabla ya lituma, nipige magoti nichungulie chini ya vitanda vyote. Mpaka leo sijaiacha kazi hiyo.

Mara ya kwanza alipiga magoti kando yangu.

"Panya walikutisha, nakuelewa," alisema. "Uliponificha ile pakiti, ulikaribia kuniulia mtoto. Ulipoitoa, ulinirudishia. Siku nyingine ukiogopa, mwanangu, njoo useme mapema, hata kama unayemwogopa ni mimi."