Mguu wa Waya Zizini

Ng'ombe waligoma kuingia zizini. Luciana aliwachapa, akawabembeleza, akawatukana, wapi! Walisimama mlangoni wakikoroma, macho yote kwenye kona alipozikwa mumewe, Alute.

Pale kaburini palikuwa pamechomekwa chuma kipya. Kazi ya Melkizedeki hiyo, mdogo wa marehemu, aliyerithi zizi, ng'ombe na mjane hata kabla matanga hayajapoa. Alirudi kutoka vita vya Burma na simu ya upepo sandukuni. Kwa kuwa serikali ya Mwingereza ilitaka kibali, na kibali hakuwa nacho, aliupaka waya masizi, akautandaza juu ya tembe, akaufunika kwa mabua ya mtama. Tarishi wa mtemi angepita asione kitu. Waya wa pili aliushusha hadi kwenye kile chuma.

"Shemeji, mbona pale?" Luciana aliuliza. Bado alimwita shemeji. Neno mume lilimkwama.

"Waya unataka mguu kwenye udongo wenye unyevu. Nchi yote ya Ihanja imekauka, ila zizini kuna mikojo ya ng'ombe. Mfu hasikii."

Hasikii! Ngoja basi.

Jua lilipozama, Melkizedeki aligonga simu yake, ti-ti-taa, akiwaita wenzake wa vitani. Nyumba ikajaa harufu ya pombe ya asali, na pombe haikuwamo. Kisha spika ikakohoa. Luciana alikijua kikohozi kile. Alilala nacho kitanda kimoja tangu usichana wake.

"Mdogo wangu," sauti ilisema kwa Kinyaturu, taratibu, "ulinitilia nini kwenye kibuyu?"

Melkizedeki aling'oa betri, lakini sauti haikukoma, ikauliza vilevile kutoka kwenye spika, ikauliza kutoka juu ya paa ambako mabua yalitikisika bila upepo, ikauliza kutoka chini ya ngozi waliyokalia, hata yule askari aliyejisifu kuwaua watu msituni akajikunyata nyuma ya mjane.

Kulipokucha alikwenda kuking'oa chuma. Kilimuunguza viganja, hakikusogea. Akamkimbilia Bibi Febronia, mganga.

"Shikamoo bibi. Mfukuze."

"Marahaba." Bibi alimfuata hadi zizini, alikosimama Luciana, akachota udongo, akaunusa, akautupa. "Huyu si jini la kupunga. Ni ndugu yako, na ana haki yake. Umemfungulia mdomo mwenyewe. Mimi simuwezi. Mkewe tu akimwambia alale, atalala."

Melkizedeki alipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe. "Luciana, mke wangu," alinong'ona. "Sema neno moja tu. Nakuomba."

Luciana alimtazama. Akakumbuka alivyoiosha maiti ya Alute, povu mdomoni, kucha nyeusi, na huyu huyu akilia nje kuwashinda wote, mpaka majirani wakamshika asijitupe kaburini. Hasira ilimpanda mpaka akasikia uchungu ulimini. Aliinama, akaweka mdomo karibu na chuma.

"Alute, mume wangu," alisema. "Usilale. Yupo hapa."

Chini, udongo ukaanza kujinyanyua.

Luciana alimshika Bibi Febronia mkono, wakatoka. Akapanga magogo ya mlango wa zizi, moja moja, akayakaza. Ndani, Melkizedeki alimwita, akamwita tena, kisha akaanza kumwita mama yake.

Luciana alikwenda jikoni kusonga ugali.