Barua za Alhamisi Ijayo

Posta ya Eyvik, kijiji chetu cha wahamiaji waliotoka Aislandi, ilifunguliwa mwaka 1893 na kufungwa mwaka 1926. Katika miaka hiyo ilikuwa na mapostamasta watatu. Wa kwanza, mzee Eyvindur, alihifadhi barua zetu ndani ya kopo la kahawa. Wa pili, Bergur, alitengeneza kabati la visanduku ishirini na vinne, kimoja kwa kila kaya. Wa tatu alikuwa mjane wa Bergur, Steinunn, shangazi yangu. Posta ilikuwa sebuleni kwake. Ninayoyasimulia aliniambia yeye, isipokuwa ya mwisho. Hayo niliyaona mwenyewe.

Barua zilikuja Alhamisi. Hallur, mchukuzi, alizifuata kituo cha reli, maili kumi na mbili, na kufika saa sita mchana. Shangazi hakuhitaji kuangalia saa. Sisi tuliotoka Aislandi tunajua kwamba mgeni hutanguliwa na kitu chake kisichoonekana. Mwenye nyumba hupiga miayo bila sababu, macho yakawa mazito, mbwa akabweka mlangoni pasipo na mtu. Hapo mtu huteleka kahawa. Kila Alhamisi kama saa tano na nusu shangazi alisinzia kidogo kwenye kiti chake, akaamka, akaweka birika jikoni. Nusu saa baadaye Hallur alikuwa anakung'uta theluji mlangoni.

Aliyefuata baada ya Hallur alikuwa Thorgils.

Thorgils alikuwa kapera, anaishi peke yake maili sita upande wa magharibi. Kati ya nyumba yake na posta hapakuwa na nyumba nyingine wala mti. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya mchumba wake, Alfdis, aliyebaki Aislandi kumuuguza mama yake. Miaka minne walikuwa wanaandikiana. Kila Alhamisi alikuja, akanywa kahawa, akasoma barua yake pale pale kaunta, akarudi. Mara nyingine siku saba zilipita bila yeye kusema na mtu yeyote zaidi ya shangazi.

Mwezi Mei mwaka 1911 barua yake moja ilirudi. Mchungaji wa kule alikuwa ameandika kwenye bahasha, kwa wino mweusi: Amefariki mwezi Machi.

Kanuni inasema barua iliyorudi apewe aliyeituma. Lakini masika ya mwaka uliotangulia kapera mwingine alikuwa amepokea barua ya namna hiyo, na theluji ilipoyeyuka walimkuta amekaa nyuma ya zizi lake, amekufa. Shangazi aliificha bahasha ndani ya pipa la unga. Nitampa akishapanda ngano, alijiambia. Alipokwisha kupanda, akasema nitampa akishavuna.

Thorgils alianza kukonda. Alhamisi moja alisimama mbele ya kisanduku chake, nambari kumi na saba, kilichokuwa kitupu, akakitazama hadi kahawa yake ikapoa.

"Meli zinachelewa," shangazi alimwambia.

"Meli zote, Steinunn?"

Wiki iliyofuata shangazi alibandua stempu kwenye barua ya dada yake wa Aislandi kwa mvuke wa birika, akaibandika kwenye bahasha mpya. Aliandika kwamba mkono wa Alfdis umeumia na jirani anamwandikia. Aliuliza kama Thorgils anakula vizuri, kama goti linamsumbua, kama anafunga shingo akitoka nje. Akaigonga mgongoni muhuri wa Eyvik na tarehe ya siku hiyo, kama barua nyingine zote zilizofika.

Aliandika barua tatu kati ya Agosti na Novemba. Thorgils alinenepa. Alijibu kila wiki, na mwisho wa kila barua alisoma kwa sauti neno lile lile: "Njoo." Shangazi alizigonga muhuri mbele yake, na alipoondoka alizifungia kwenye droo, pamoja na muhuri wenyewe. Ufunguo aliuvaa shingoni.

Tarehe 21 Desemba Hallur aliutua mfuko. Shangazi alifungua kufuli, akamimina barua mezani, akaanza kuzigawa. Ya nne ilikuwa ya Thorgils.

Mwandiko aliujua. Alikuwa ameuona kwenye bahasha kwa miaka minne. Ulikuwa wa Alfdis.

Aliigeuza. Barua iliyovuka bahari huja na mihuri ya kila posta ilikopita. Hii ilikuwa na mmoja tu. Eyvik, 28 Desemba 1911.

Shangazi aliangalia kalenda. Akashika ufunguo shingoni. Ulikuwepo.

Barua ya mtu haizuiliwi. Kosa hilo alikwisha kulifanya mara moja, na mkono ulikataa kulirudia. Aliiweka kwenye nambari kumi na saba. Thorgils aliisoma, akatabasamu, akamtazama machoni.

"Anasema amesikia ninavyomwita. Anakuja."

"Anakuja," shangazi alirudia.

Ya pili ilifika wiki iliyofuata, na muhuri wa wiki iliyokuwa mbele. *Bahari nimevuka.* Ya tatu: *Niko ndani ya treni. Hakuna anayeketi karibu nami.* Ya nne ilifika tarehe 11 Januari. Muhuri wake ulisema 18 Januari. Ndani yake mlikuwa na maneno manne tu. *Ni Alhamisi. Teleka kahawa.*

Tarehe 18 Januari kulikuwa kweupe, hakuna upepo. Baridi ilikuwa ya kupasua misumari ukutani. Shangazi alisinzia saa tatu asubuhi. Akaamka, akasinzia tena. Kufikia saa tano alikuwa hawezi kuinua kope. Mbwa hakubweka. Aliingia chini ya jiko, akakataa kutoka.

Thorgils alifika kabla ya Hallur. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa kola nyeupe.

Hallur aliingia na mfuko, akamwona, akacheka. "Bwana mkubwa! Kola? Nani kafa, au nani anaoa?"

"Kunywa kahawa yako, Hallur."

"Sinywi, ndugu yangu. Farasi wangu wana jasho utadhani nimebeba nyumba. Wakisimama watakufa kwa baridi." Akainama kwa shangazi, akashusha sauti. "Bibi Posta, nimekuja na mfuko mmoja tu. Lakini lile blanketi la kiti cha pembeni yangu limebonyea tangu kituoni. Nimelikung'uta mara tatu. Linabonyea tena."

Akaondoka haraka.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Shangazi alikwenda kwenye pipa la unga. Alirudi na bahasha ya mchungaji, akaiweka kaunta.

"Nisamehe, Thorgils. Ilifika Mei."

Thorgils aliisoma. Hakushtuka. Aliipangusa unga kwa kidole.

"Nilijua," alisema. "Si kwamba amekufa. Lakini nilijua zile barua si zake. Goti niliumia hapa, kwenye shamba langu. Nilikwambia wewe peke yako. Huko Aislandi nani angejua habari za goti langu?"

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeacha kuandika."

Shangazi aliketi. Thorgils aliilegeza kola yake kidogo, kama inambana.

"Na hizi nne za mwisho," alisema, "nilidhani umejifunza mwandiko wake. Uliposema unakuja, nikasema, huyu mama anaona haya, anapitia mlango wa nyuma. Nimepaka rangi chumba cha pili, Steinunn. Leo nimekuja kukuchukua."

Jiko lilikuwa linalia. Shangazi aliniambia kwamba kwa muda mfupi, labda wa kuhesabu kumi, alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Bergur afe. Kisha akasema ilivyokuwa.

"Mimi niliandika tatu."

"Tatu?"

"Tatu tu. Hizi nne zilikuja ndani ya mfuko."

Thorgils aliishika tena ile bahasha ya mchungaji. Kisha akanong'ona, "Majibu yangu uliyapeleka wapi?"

"Sikuyapeleka. Yako hapa." Alivua ufunguo, akafungua droo ili amwonyeshe.

Muhuri ulikuwepo. Barua hazikuwepo. Hata moja. Mbao za chini zilikuwa na maji, na maji yalikuwa na chumvi.

"Basi amezipata," Thorgils alisema.

Alikwenda dirishani. Shangazi hakusogea. Aliona tu mgongo wake, na pumzi yake ikiganda kwenye kioo.

"Yuko pale?"

"Amesimama karibu na farasi wangu. Hana shali."

"Usiende."

"Nimemwita mara ngapi, Steinunn? Siwezi kumwacha nje na baridi hii." Alivaa kofia. Mlangoni aligeuka. "Ungeandika jina lako kwenye ile ya kwanza."

Alitoka. Shangazi alikwenda dirishani. Hakuona mtu zaidi ya Thorgils. Alimwona akipanda gari la theluji. Akasogea upande mmoja wa kiti. Akanyanyua blanketi, akangoja, akafunika nalo mahali pasipo na kitu.

Akaondoka kuelekea magharibi. Nchi ni tambarare. Shangazi alimtazama karibu saa nzima, mpaka akawa nukta, na nukta ikaisha.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Majirani walikwenda. Farasi alikuwa zizini, amelishwa. Jiko lilikuwa baridi. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimejaa, kahawa imeganda hadi ukingoni. Cha pili kilikuwa kitupu. Nyayo za kuingia zilikuwepo. Za kutoka hazikuwepo. Masika yalifika, theluji ikayeyuka. Hawakumkuta.

Shangazi aliendesha posta miaka kumi na minne zaidi. Hakuolewa. Barua za watu alizigawa siku ile ile zilipofika. Mwaka 1926 serikali iliifunga Eyvik. Siku ya mwisho mfuko ulikuwa na barua moja, ya kwake. Mwandiko ulikuwa wa Thorgils. Aligeuza bahasha, akasoma muhuri, akaiweka kwenye nambari kumi na saba bila kuifungua. Jioni hiyo alifunga muhuri wa Eyvik ndani ya boksi na kuutuma makao makuu Ottawa, kama kanuni inavyotaka. Nina stakabadhi yake.

Alikuja kuishi kwangu mwaka 1938 na kabati lake la visanduku. Tarehe 7 Machi 1940, siku ya Alhamisi, alianza kusinzia asubuhi. Saa tano aliniita.

"Ketill, mwanangu, teleka kahawa."

"Unamngoja nani, shangazi?"

"Mimina vikombe viwili. Halafu nenda kachukue kuni, usiharakishe."

Nilimimina viwili, vyote hadi juu. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, nywele amezisuka. Nilikaa bandani kama dakika kumi. Sikusikia gari wala farasi.

Niliporudi alikuwa kwenye kiti chake, ameegemea upande, kama mtu aliyempisha mwenzake aketi. Alikuwa amekufa. Nje, kuanzia kizingitini kwangu, palikuwa na alama mbili za gari la theluji. Nilizifuata. Zilielekea magharibi hatua mia mbili, katikati ya uwanda, zikaishia hapo.

Barua bado iko kwenye nambari kumi na saba. Muhuri wake ni wa Eyvik, 7 Machi 1940. Sijaifungua, si yangu.

Kikombe cha shangazi kilikuwa kimejaa, bado kinatoa mvuke. Kile kingine kilikuwa kitupu. Nilikinyanyua nikakioshe. Jiko lilikuwa jekundu, chumba kina joto la kutoa jasho, na chini ya kikombe palikuwa na barafu.