Nchi Isiyo na Udongo

Haya, tegueni hiki kwanza. Nina nchi haina udongo wala mto. Mahindi hayaoti, ng'ombe hawachungwi, lakini raia wake wanagombana mpaka wanalia. Nchi gani hiyo? Mnasema mwezini? Siyo. Ndotoni? Mmekaribia, ila ndotoni watu hawapigi kura. Mmeshindwa? Basi nipeni Sumbawanga yote, soko na stendi yake, niwaambie.

Ni Jamhuri ya Ukungu. Ilikuwa ndani ya kompyuta, ukurasa wa mtandaoni wa kuandikiana tu, kwenye duka la intaneti la Cornelius, baba mdogo wake Scola, nyuma ya soko, miaka ile maduka ya namna hiyo yalipoanza kufunguliwa mjini.

Kila Jumamosi Scola alifua sare, akachambua maharage ya bibi yake, kisha akakimbilia dukani na rafiki yake Shija. Walikuwa darasa la sita, dawati moja. Kwao Shija ni Milepa, kule bonde la Ziwa Rukwa, ambako wazazi wake, Wasukuma, wanafuga na kulima. Hapa mjini aliishi kwa dada yake ili asome. Jamhuri ilikuwa wazo la Shija. Ndiye aliyechora hata bendera, ya kijivu yenye mstari mweupe. Scola akachaguliwa Spika, kwa sababu alijua kupanga maneno. Raia wengine walikuwa wanafunzi wenzao, pamoja na Meshack, aliyehamia Kasesya mpakani na baba yake, akawa anaingia bungeni kwa simu ya kaka yake.

Bunge hilo lilikuwa na mwiko: hakuna kusema kwa mdomo. Neno ni lile lililoandikwa tu. Kwa hiyo Scola na Shija walikaa bega kwa bega wakibishana kwa vidole, huku wakicheka.

Siku moja mtu asiyejulikana aliingia akaporomosha matusi, akatoweka. Ili asirudi tena, Scola akaleta muswada: "Raia wa Ukungu ni mtoto ambaye babu yake amezikwa Ufipa." Maneno hayo aliyaokota kwa wazee misibani; mzee akitaka kuonyesha kuwa yeye ni mwenyeji wa nchi hii ya Wafipa, huonyesha makaburi ya kwao. Scola aliyaona maneno mazito, yanayofaa nchi.

Shija akaacha kucheka. Akaandika, "Naomba tubadilishe. Tuseme 'mtoto anayeishi huku.' Babu yangu amezikwa Maswa, Usukumani."

Meshack akadakia kutoka Kasesya: "Hahaa! Msukuma kaguswa! Mlikuja na ng'ombe, mtaondoka na ng'ombe."

"Ng'ombe hao hao ndio waliolima shamba la baba yako, mshikaji," Shija akamjibu.

Scola akaandika, "Shija, sheria haikulengi wewe. Wewe tunakujua."

"Basi iseme hivyo."

"Sheria haitaji majina ya watu."

Angeweza kubadilisha. Lakini maneno yalikuwa yake, na Meshack alikuwa ameshaandika "Spika oyee!" na wengine wakaitikia. Shija akaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja:

"Spika, na babu yako amezikwa wapi?"

Vidole vya Scola vikasimama. Babu yake alikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya Zambia wakati baba yake Scola na mdogo wake Cornelius wangali watoto, akafia huko huko. Nyumbani kila mtu anajua. Nje husema tu kwamba babu ni marehemu, basi.

Scola akaandika, "Swali liko nje ya mada. Tupige kura."

Muswada ukapita. Na kazi ya kumtoa asiye raia ilikuwa ya Spika. Scola alilitazama jina la rafiki yake, akabonyeza. Kwenye kompyuta ya pembeni, pale pale ubavuni kwake, bendera ya kijivu ikafutika, yakabaki maandishi: Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu.

Kusema si walikatazana? Shija alichukua sweta lake akatoka.

Jumatatu alihamia dawati la Jenifer. Wiki nzima Scola alikaa peke yake, na Jumamosi iliyofuata akaleta nyongeza ya sheria: "au mgeni aliyekubaliwa na Spika." Ikapita bila ubishi. "Spika wetu una huruma!" wakamwandikia. Akamtumia Shija mwaliko wa kurudi. Shija hakuitikia.

Jumapili baada ya misa, Scola alikuwa jikoni akipukuchua mahindi na Bibi Fransiska, mama yake baba.

"Leo hata gunzi linakushinda?" bibi akauliza. "Una nini?"

"Bibi, kuna mtu nimemsaidia, na bado amenuna." Akaeleza yote, sheria na nyongeza yake.

Bibi alisikiliza bila kuacha kazi. "Na wewe uraia wako uliupata kwa kaburi gani?"

Scola akainamia ungo.

"Babu yako alifia mgodini," bibi akasema. "Mimi sikufika. Habari zilinifikia nikiwa shambani, yeye ameshazikwa zamani. Waliomwosha, waliomchimbia, waliomlilia, sikuwajua hata mmoja. Hawakumuuliza babu yake amelala wapi. Walimpa udongo wao. Hao watu nawaombea mpaka leo. Kumbe mjukuu wangu huku anafunga mlango!"

"Lakini nimeshamrudisha, bibi."

"Umemrudisha awe mgeni wako. Kule nani alimkubali babu yako, Spika?" Bibi akaweka gunzi chini. "Sikiliza, Scola. Ukitunga sheria, jipime nayo wewe kwanza, tena mbele ya watu. Ikikutoa nje, sema imekutoa. Ukinyamaza ili imtoe mwenzako peke yake, huo ni uongo, hata kama mdomo wako haukufunguka. Na sasa unapokea sifa za huruma juu ya uongo huo."

"Wakinicheka je?"

"Watakucheka. Shija walipomcheka, ulifanya nini?"

Machozi yalimdondoka Scola kwenye mahindi, na bibi hakumbembeleza.

Jumatatu asubuhi baridi ilikuwa kali. Wanafunzi walikuwa wakifagia uwanja wa shule. Scola alimfuata Shija.

"Shija, mambo."

Shija akaendelea kufagia.

"Nimeandika muswada mwingine. Raia ni mtoto yeyote anayeishi huku kwetu. Hakuna cha mgeni wa Spika."

"Kwa nini?"

"Ule wa kwanza haukuwa wa haki."

"Haukuwa wa haki kwangu," Shija akasema. "Na kwako? Nilikuuliza kitu, ukasema kiko nje ya mada."

Jenifer akaegemea ufagio wake. Wengine nao wakasogea, mmoja akaanza kucheka chinichini.

"Kurudi, sijui kama nitarudi," Shija akasema. "Lakini nijibu."

Scola alitaka kunong'ona. Akajizuia, akainua uso.

"Zambia," akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Babu yangu amezikwa Zambia, na hakuna hata mmoja wa kwetu aliyewahi kuliona kaburi lake."