Shimo Lililomwagiliwa Maji

Masikio alikufa akiwa amepiga magoti. Ndivyo alivyokutwa na mkata tiketi saa moja asubuhi, chini ya ukuta wa magharibi wa magofu, uso udongoni, na jiwe kubwa kama kinu limemwangukia kisogoni. Mashine yake ya kutafutia metali ilikuwa kando, bado imewashwa.

Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya hedifoni za mashine hiyo. Miaka nenda rudi alizunguka magofu nazo kichwani, akisaka sarafu na vifungo vya watu waliokufa zamani, bila kibali cha mtu yeyote. Alichimba kama ngiri na kuondoka kama ngiri, mashimo yakabaki wazi nyuma yake.

"Ajali," alisema konstebo. "Ukuta mbovu, mtu mkaidi."

Mkuu wa kituo naye alikwishapiga simu. Alitaka jalada lifungwe kabla ya saa sita, kwani marehemu hakuwa mtu wa kuliliwa.

Inspekta alikuwa mwanamke wa maneno machache na magoti mabovu, lakini aliinama hivyo hivyo. Jembe dogo la marehemu lilikuwa na udongo mbichi, ila shimo halikuonekana. Mbele ya maiti palikuwa na bonge la nyasi lililorudishwa mahali pake kwa ustadi, likakanyagwa kingo, kisha likamwagiwa maji. Kiangazi kilikuwa kimekausha uwanja mzima. Pale tu ndipo palipolowa.

"Konstebo, maiti hufukia shimo?"

"Hapana, afande."

"Basi lifute hilo neno ajali kwenye daftari lako."

Walifukua, wakakuta shimo tupu. Juu ya ukuta, mtaalamu wa uchunguzi aliona alama mpya za mtaimbo mahali jiwe lilipokuwa.

Mkata tiketi aliulizwa ni nani hufukia mashimo hapo. Akasema siku hizi hakuna anayejali. Mlinzi wa sasa hufika saa tatu, tena akiamka vizuri. Kisha akasita.

"Mlinzi wa zamani ndiye aliyekuwa akifukia. Kila asubuhi. Anarudisha nyasi, anazimwagilia zisife. Mkewe anambebea maji."

"Yuko wapi?"

"Alifia gerezani, afande. Sarafu za hapa zilikutwa kwenye kopo lake la majani ya chai."

"Nauliza mke."

Mke alikuwa fundi cherehani, nyumba ya tatu nyuma ya magofu. Aliwakaribisha kwa heshima, akarudi kwenye pindo la sare aliyokuwa akiishona. Juu ya meza, kando ya mkasi, palikuwa na beji ya shaba ya mlinzi. Udongo ulikuwa umeganda kwenye tarakimu zake.

"Hii imetoka ardhini leo, mama."

"Ya mume wangu." Alikanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno. "Niliizika wiki iliyopita, pale Masikio anapopita kila Jumamosi kabla mlinzi hajafika. Nilitaka aichimbe kwa mkono wake mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa juu."

"Nilikuwa juu. Jiwe nilishalilegeza."

Akasimulia. Mumewe alimkamata Masikio mara mbili, akamripoti mara mbili. Haikupita wiki, sarafu zikaonekana kwenye kopo. Mjane alikwenda kituoni mara nne kueleza kwamba zimepandikizwa. Akaambiwa kila mke husema hivyo. Inspekta alikuwa mgeni katika kituo kile, lakini aliona haya kwa niaba yao wote.

"Alipoiona beji alivua hedifoni. Nikamwita. Akatazama juu, akanitambua. Unajua alisema nini, mwanangu? 'Mama, nilitaka tu afukuzwe kazi. Sikujua watamfunga.'"

"Kisha?"

"Kisha akainamisha kichwa, nikasukuma."

"Ungetuletea maneno hayo."

"Mara ya tano?"

Inspekta akafungua daftari. Akamuuliza kwa nini alifukia shimo, ilhali angeliacha wazi kila mtu angesema ni ajali. Kwa mara ya kwanza mjane alionekana kushangaa. Alishuka kuchukua beji, alisema, na mikono ikafanya yenyewe. Kwa miaka kumi na minane alifukia mashimo ya mtu yule pamoja na mumewe, na hawakuwahi kuacha hata moja. Chupa ya maji ya kunywa alikuwa nayo.

"Unajuta?"

"Najuta kwamba alikufa haraka."

Inspekta akatoa fomu ya maelezo ya onyo. Mjane akavuta kiti karibu, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Anza na alichosema yeye. Neno kwa neno. Mengine yote nitatia sahihi."

"Maelezo haya yatasomwa mahakamani, mama."

"Mahakama ile ile iliyomfunga mume wangu?"

"Ile ile."

"Kwa sauti, watu wote wasikie?"

"Kwa sauti."

"Basi andika."