Aliyekimbia Mbele ya Yowe

Maiti ililala kifudifudi kwenye shamba la mihogo, katikati ya Nyakunguru na Kerende. Mgongoni ilikuwa na mishale miwili. Kichwa kilikuwa kimekatwa kwa panga mara tatu, na mawe waliyommalizia nayo yalikuwa bado yamelundikana shingoni. Nzi walikuwa wameshafika. Polisi ndio kwanza walikuwa wanateremka kwenye gari.

Inspekta Efrazia alichuchumaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenyeji wa Ngara, mpelelezi wa miaka kumi na sita, na hasira zake zilikuwa karibu kila siku. Siku hiyo zilikuwa karibu zaidi.

"Mgeuzeni."

Koplo Method na askari mwenzake wakaigeuza. Kifuani, juu ya fulana ya njano iliyolowa damu, kulikuwa na kitambaa cheupe kilichobanwa kwa pini nne. Kiliandikwa namba kumi na nne.

"Lo! Mwizi gani wa ng'ombe anavaa namba ya mbio?"

Efrazia aliwageukia waliomwita mwizi. Wanaume kama sitini walisimama kando ya shamba, wengine mapanga yakiwa bado mkononi, wote wanatazama chini.

"Juzi Jumanne serikali imesema nini? Kuna Corona. Hakuna mikusanyiko. Mpira hakuna, shule hakuna, hata mbio za leo zimefutwa. Ninyi mmekusanyika sitini kuua mtu mmoja! Haya, ng'ombe walioibwa wako wapi?"

Mmoja alionyesha kilimani. Mwingine alionyesha mtoni. Koplo Method alizunguka zizi kwa zizi mpaka saa sita mchana, na hakukosekana hata ndama.

Efrazia naye alikuwa barabarani, ameinama. Ijumaa mvua ilinyesha, na udongo ulikuwa umeshika kila kitu. Nyayo za viatu vya marehemu zilitoka upande wa mtoni, hatua ndefu, zilizopangana vizuri. Ghafla zikasimama. Zikageuka, zikarudi kama hatua mia mbili kuelekea kijijini. Hapo zilikutana na nyayo nyingine za viatu vya kukimbilia, ncha kwa ncha, kama watu wawili wanaozungumza. Kisha za marehemu zikaondoka tena kwa kasi, zikiwa zenyewe, kuelekea kwenye mihogo.

"Method, lete plasta," alisema. "Hizi za mtu wa pili nazitaka zote mbili, kushoto na kulia."

Jumapili asubuhi mwanamke kijana aliingia kituoni Tarime. Alikuwa mjamzito, mdomo wa chini umepasuka na umevimba. Aliitwa Boke, wa Machochwe, ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti. Namba kumi na nne alikuwa mume wake, Nashoni, mshindi wa mbio za barabarani za mwaka jana.

"Mbio zilifutwa," Efrazia alisema. "Alikuwa anakimbia nini?"

"Njia ileile, afande. Saa ileile. Alisema mbio zimefutwa lakini mwili wake haujafutwa. Akavaa namba ya mwaka jana, akanichekesha, akaondoka."

"Nani alijua anakimbia?"

"Watu wa mazoezi. Kila mtu alijua. Jumatatu alikuwa asafiri. Kuna timu ya jeshi ilikuwa imchukue mshindi wa mwaka huu. Mbio zilipofutwa wakasema watachukua kwa muda wa mwaka jana. Wakampigia simu yeye."

"Na mdomo nani kakupasua?"

Boke alitazama mlangoni. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu, ameshika kofia mkononi. Huyo alikuwa Waitara, kaka wa marehemu.

"Amesema nikatafute pa kuzaa mtoto wa mwizi. Vyombo vyangu ametupa nje. Na amesema Nashoni hazikwi kwenye mji wa baba yao."

Efrazia aliinuka taratibu. "Wewe ndiye umempiga mjamzito?"

"Afande, watu sitini wote wawe waongo?" Waitara alisema. Sauti ilimtetemeka, na haikujulikana kama ni hasira au kilio. "Kwetu mwizi haingizwi ndani ya boma. Nikimzika pale watoto wangu wataitwa nini? Nithibitishie kwamba hakuiba, nitachimba kaburi kwa mikono yangu. Usipothibitisha, azikwe na halmashauri."

"La kumpiga mwanamke utalijibu, usidhani limepita. Mochwari wanataka marehemu atoke lini?"

"Jumatano," Boke alijibu. Akamshika Efrazia mkono wa shati bila kuomba ruhusa. "Afande, asizikwe kama mwizi. Nakuomba. Hicho tu."

Mtu wa kwanza kukamatwa aliitwa Selestine, mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nyakunguru. Mshale wa kwanza ulikuwa wake, na hakukana.

"Mshale uliingia kwa nyuma," Efrazia alisema. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwa mezani. "Majeraha mengine yote alipata akiwa chini. Sasa nieleze. Huyu alikuwa anakimbia nusu marathoni kwa saa moja na dakika tano. Ninyi na mabuti yenu ya kwenye mashimo mlimkamataje?"

"Alikuwa mbele yetu."

"Mbele kiasi gani?"

"Mbali. Halafu akapunguza mwendo."

"Kwa nini mwizi apunguze mwendo?"

Selestine aliminya vidole mpaka vikalia. "Afande, mimi nilisikia yowe. Kwetu yowe likipigwa unatoka na silaha. Usipotoka, wewe ndiye mwenzao wa wezi. Nimetoka, namwona mtu yuko mbele anakimbia. Anayekimbia mbele ni nani kama si mwizi?"

"Alipopunguza mwendo alifanya nini?"

Selestine aligeuza uso ukutani.

"Selestine!"

"Aligeuza kichwa. Akanyoosha fimbo kule mbele. Akapiga kelele, 'Huko! Wameingia huko!'" Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Mshale ulikuwa umeshatoka, afande. Mkononi haupo. Alipoanguka, wenzangu wakafika na mapanga. Alikuwa anasema kitu. Hatukusikiliza."

Efrazia aliifunga ripoti. Kisha akauliza, "Fimbo aliitoa wapi?"

Fimbo ilitoka kwenye uzio wa mama Teresia, mjane mwenye nyumba kando ya barabara. Alipoulizwa alijifunika kanga usoni.

"Shikamoo, mama. Usinifiche."

"Marahaba, mwanangu. Sifichi. Naona aibu. Alipita hapa mbio, akaniuliza, 'Mama, wamepita wapi?' Nikamwambia sijaona. Akachomoa mti kwenye uzio wangu, akasema, 'Nitaurudisha.' Nami nikamwombea Mungu amsaidie kuwakamata. Baada ya dakika tano naambiwa mwizi ameuawa, nakwenda kutazama, ni yuleyule."

"Mbona hukusema?"

"Niwaambie watu sitini wenye damu mikononi kwamba wamekosea?"

Basi likawa wazi, na lilipokuwa wazi Efrazia alitamani lisingekuwa hivyo. Nashoni alikuwa Mkurya kama wao. Alisikia yowe, akaacha mbio zake akaitikia, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Alikuwa na miguu myepesi kuliko wote, kwa hiyo akawatangulia wote. Wakamuua kwa sababu aliwatangulia.

"Lakini mwizi hakuwepo," alimwambia Koplo Method ndani ya gari. "Sasa nani alianza kupiga yowe?"

"Afande, yowe halina mwenyewe. Kila mtu anapokea na kupiga."

"Kila mtu anapokea kwa mtu. Tutalifuata kinyumenyume, kama watu wa huku wanavyofuata nyayo za ng'ombe."

Siku nzima ya Jumatatu walipita mji kwa mji na swali moja tu. Kabla hujapiga, ulisikia linatoka wapi? Wa barabarani walisikia kwa wa bondeni. Wa bondeni walisikia kwa wa mteremkoni. Wa mteremkoni wote wakanyoosha kidole juu, kwenye boma moja lililo kileleni.

Boma lilikuwa la mzee Nyangwine. Ng'ombe wake kumi na wanane walikuwepo wote, wanacheua.

"Shikamoo, mzee. Jumamosi ulimsikia nani?"

"Marahaba. Sikumsikia mtu. Mimi ndiye niliyeanza." Mzee alisema bila kupepesa. "Alikuja mura mmoja, kijana tu, mbio kutoka mtoni. Akaniambia, 'Mzee, ng'ombe wako wamechukuliwa malishoni, wameelekea kwenye mihogo. Piga yowe!' Nikapiga. Baadaye mjukuu anarudi na ng'ombe wote. Tangu siku hiyo chakula hakishuki."

"Ulimtambua?"

"Alivaa ile barakoa ya Corona. Niliona macho tu."

Efrazia alivuta pumzi kwa uchungu. Alitazama chini, kule mtoni. Kilima kilikuwa kimesimama wima. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda kwa gari na bado kifua kilimbana.

"Alipanda huku kwa mbio?"

"Nilimwona tangu bondeni. Hakusimama hata mara moja. Na kuna jambo limenikaa kichwani, binti yangu. Alipofika, na kitambaa mdomoni, alisema maneno yote yale kama mtu aliyeketi kwenye kigoda. Hakuwa anahema."

Getini kwa mzee nyayo zilikuwepo. Kisigino cha kushoto kililika upande wa nje, sawasawa na plasta ya barabarani.

Efrazia alimpigia simu Boke palepale. "Kwenye watu wa mazoezi, nani anaweza kupanda kilima cha Kerende mbio asiheme?"

"Wawili tu, afande," Boke alijibu. "Mmoja yuko mochwari."

Wa pili aliitwa Godwin. Mwaka jana alishika nafasi ya pili, nyuma ya Nashoni kwa sekunde nne. Walimkuta kwao Machochwe amevaa katambuga za tairi, na akasema Jumamosi alilala mpaka mchana. Viatu vyake vya kukimbilia vilikutwa ghalani, chini ya mtama, vimefuliwa vikatakata. Kisigino cha kushoto kililika upande wa nje.

"Viatu vya watu wengi hulika hivyo," Godwin alisema.

"Kweli kabisa," Efrazia alijibu. "Kesho utatusaidia na gwaride la utambuzi."

Jumanne asubuhi wanaume wanane wa kimo kimoja walisimama bondeni, wote wamevaa barakoa zilizoombwa zahanati. Kileleni alikaa mzee Nyangwine kwenye kigoda. Watu walikuwa wameshajaa kwenye mteremko, wamekatazwa kukaribiana na wamekaribiana vilevile. Boke alisimama pembeni na Waitara nyuma yake.

Filimbi ikalia. Wanane wakapanda mbio.

Walifika wameinama, mikono magotini. Mmoja alitapika. Godwin naye alihema, tena kwa kelele kuliko wote, mabega yanapanda na kushuka. Mzee alipita mbele yao mara moja, akatikisa kichwa, akarudi kukaa. Koplo Method alimtazama inspekta kwa wasiwasi.

"Subirini," Efrazia alisema.

Dakika moja ikapita. Saba walikuwa bado wanatafuta pumzi kama waliotolewa majini. Godwin alikuwa amechoka kuigiza. Alisimama wima, kifua kimetulia, anatazama ng'ombe.

"Kila mmoja aseme, 'Mzee, piga yowe.'"

Saba walisema kwa vipande. Godwin alisema kwa mara moja, sauti imenyooka.

Nyangwine aliinuka, akamwekea kiganja kifuani. "Ni huyu."

"Mzee anakosea!" Godwin aliruka nyuma.

"Nyayo za viatu vyako ziko hapa getini," Efrazia alisema. "Na ziko barabarani, ncha kwa ncha na za Nashoni. Ulisimama naye. Umesema ulikuwa umelala. Ulimfuata ukiwa usingizini?"

"Sikumgusa! Mimi sikumgusa hata kwa ukucha!"

"Najua. Ulimpigia yowe."

Godwin aliivuta barakoa ikakatika. Midomo ilikuwa imekauka.

"Sekunde nne," alisema. "Mwaka mzima niliamka alfajiri kwa ajili ya sekunde nne. Mbio zingekuwepo ningemshinda, walahi ningemshinda, na yeye alijua! Halafu inakuja Corona, wanafuta, wanachukua muda wa mwaka jana. Nafasi ilikuwa moja. Nilikimbia na nani nishindwe? Nimeshindwa na tangazo la redioni."

"Kwa hiyo akifa, anayefuata ni wewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini yowe?"

"Namjua. Akisikia yowe hawezi kuliacha. Na akikimbia hawezi kukaa nyuma. Wa Kerende hawamjui sura." Alijifuta jasho ambalo halikutoka kilimani. "Nilijua watafanya nini."

Watu walianza kunguruma. Boke akasogea mbele mpaka akawa hatua moja kutoka kwake. Efrazia hakumzuia.

"Mlikutana barabarani," Boke alisema. "Alikwambia nini?"

"Boke, tafadhali..."

"Alikwambia nini?"

"Alinitambua hata na barakoa. Aliuliza, 'Umewaona? Wamepita wapi?' Nikamwonyesha kwenye mihogo. Akasema, 'Godwin, kaa nyuma yangu, hao wana mishale.'"

Kelele moja ilitoka mteremkoni, kisha kilima chote kikalia. Jiwe la kwanza lilimpiga Godwin kwenye nyusi, damu ikamwagika. La pili lilimpata Koplo Method begani. Mapanga yaliyofichwa ndani ya makoti yakatoka. Efrazia alimkanyaga Godwin mgongoni kumlaza chini, akasimama juu yake, akafyatua risasi mbili hewani.

"Nani anakuja?" alifoka. "Nani? Mmoja mmeshamuua bila kumuuliza jina! Huyu ataulizwa jina mahakamani, na ninyi mtaulizwa yenu! Wekeni chini! Weka chini wewe, na wewe, wekeni!"

Hakuna aliyesogea. Panga moja likaanguka majanini, kisha mengine. Mama Teresia alikuwa ameketi chini, kanga usoni, analia kwa sauti. Wanaume wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na askari waliopangwa bondeni wakawa wanawaandika majina.

Godwin alifungwa pingu, akapakiwa garini kwa shtaka la kuua kwa kukusudia.

Boke hakumtazama akiondoka. Aligeuka nyuma, alipokuwa Waitara, na yule mwanamume mrefu alikuwa amevua kofia, taya linamcheza, anatafuta neno la kuanzia.

"Shemeji," alisema, "mimi..."

"Usiseme kitu," Boke alimkatiza. "Nenda ukachimbe."