Mkwe wa Lumbesa

"Shindilia! Weka kilemba! Hapana, mpenzi, siyo wewe, nasema na vibarua."

Manase alisimama katikati ya shamba la viazi huko Mahongole, simu sikioni, mkono mwingine ukiwaelekeza vijana. Gunia lilishajaa zamani. Sasa walikuwa wanafuma kamba juu ya mdomo wake na kurundika viazi vingine humo. Ndiyo lumbesa hiyo: mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na moja na nusu.

"Umesoma neno la leo?" aliuliza Tabea, mchumba wake, akiwa kwenye cherehani yake Mjimwema.

"Nimesoma, tena machozi yamenitoka. Tuombe, mpenzi."

Akafumba macho, akaomba kwa ile besi yake iliyokuwa tegemeo la kwaya nzima. Aliposema amina, mwenye shamba akamgusa bega. Alikuwa mzee aliyevaa koti zito na kofia ya kuficha uso, macho tu ndiyo yalionekana, maana baridi ya Julai huku haina adabu.

"Umemaliza kuomba, kijana?"

"Nimemaliza, mzee wangu."

"Basi hilo gunia limezidi."

"Aa, mzee! Hata Bwana Yesu alisema kipimo kijae, kishindiliwe, kimwagike!"

Mzee alimtazama weee, kisha akasema, "Haya." Viazi vilishang'olewa na mnunuzi mwingine hakuwepo, angefanyaje?

Jumamosi Manase alirudi Mahongole akiwa na suti, na mshenga wake Justine, mtu mwenye ulimi wa asali. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwa kina Tabea. Utaratibu wa posa unajulikana: mshenga anasema, mwoaji anafunga mdomo. Manase aliufurahia sana utaratibu huo, mpaka baba mkwe alipotokea chumbani bila koti wala kofia. Macho yalikuwa yaleyale.

"Kamwene," alisalimu Mzee Nathanieli.

"Kamwene, baba." Besi yote ilikimbia, ikatoka sauti ya kifaranga.

Akamtumia Justine ujumbe chini ya meza: "Tuondoke."

"Kwa nini? Hata chai bado!"

"Huyu mzee nimempiga lumbesa."

Justine akakohoa, akajikaza kiume, akaeleza kwamba wamekuja kuomba jiko. Mzee akaitikia kwa upole.

"Mahari ya Tabea ni ng'ombe wawili."

"Wawili tu? Mungu awabariki, mzee!"

"Wa lumbesa."

"Samahani?"

"Kila ng'ombe aje na ndama mgongoni, afungwe kamba asidondoke. Na juu ya ndama, kuku. Kijana wako ni fundi wa kufunga."

Zipora, shangazi yake Tabea, aliangua kicheko mpaka khanga ikamvuka. Tabea, aliyekuwa anapanga vikombe vya chai, hakucheka.

"Baba, una maana gani?"

"Muulize mchumba wako. Siku aliponunua viazi vyangu alikuwa anasali na mtu kwenye simu. Kumbe ni wewe, mwanangu."

Justine akamkanyaga Manase mguu, akamnong'oneza, "Nyamaza! Nitasema ni vibarua, wewe hukuwaamuru. Tikisa kichwa tu."

Uongo ulikuwa umeshapikwa, kilichobaki ni kuula. Manase alimtazama Tabea, akaogopa kweli kweli. Akisema ukweli anamkosa. Akitikisa kichwa anampata, halafu atamdanganya mpaka kaburini. Akasimama, mila akaiweka kando.

"Baba, ni mimi. Vibarua niliwaamuru mwenyewe, na Yesu nikamtaja ili unyamaze. Hilo la pili linaniaibisha zaidi."

"Yesu alikuwa anasema na anayetoa," mzee akajibu taratibu. "Wewe ulikuwa unapokea."

"Manase," Tabea alisema, "nimejisifu kwa wenzangu wote kwamba nimepata mwanaume wa sala. Siku ile, moyoni mwako, ulikuwa unaomba nini?"

"Niliomba nikupate."

"Na viazi?"

"Viazi nilichukua bila kuomba."

Zipora akacheka tena, akajiziba mdomo. Tabea akafuta macho.

"Sitaki mume wa Jumapili peke yake. Posa sijaikataa, ila jibu sina. Nendeni."

Tangu Jumatatu Manase alizunguka na mizani kwenye pikipiki, akirudisha viazi vya watu shamba kwa shamba. Wengine walidhani anagombea udiwani. Wanunuzi wenzake pale Makambako walimwita Askofu, wakacheka hadi wakachoka. Usiku aliumia moyo, maana Tabea hakupiga simu, naye aliogopa kumpigia.

Mavuno yalipokaribia kwisha, alikuwa akinunua viazi shambani kwa Bibi Bertila, wakivutana.

"Ongeza, mjukuu wangu! Wenzio wote wanaongeza."

"Bibi, gunia limetosha. Siongezi hata kimoja."

"Basi beba hivi kwenye kikapu, ukale na mkeo."

"Sina mke, bibi. Nilimpoteza kwa ujinga wangu."

"Anaye, bibi. Ni muoga tu wa kumpigia simu."

Manase aligeuka. Tabea alikuwa amesimama kwenye matuta, viatu vimejaa udongo, anacheka na kulia kwa pamoja. Kikapu Manase alikiacha mikononi mwa bibi.

"Sasa unashangaa nini?" Tabea akamwambia. "Habari za mizani yako zimenifikia. Pokea kikapu, useme asante. Viazi hivyo umepewa."